Mji wa Wafalme na Ukuta wa Mtumwa

Wenyeji wa Lima huwaambia wageni wao, nusu kwa utani, kwamba mbingu ya mji wao ina rangi ya tumbo la punda. Nasi tuliiona hivyo. Kwa miezi mingi ya mwaka wingu la kijivu hulala juu ya mapaa, wala halinyeshi. Mvua tuijuayo sisi wa kando ya Ziwa Kivu, ile inayopiga mabati hata padri akakatiza mahubiri yake, haijulikani kule; huanguka manyunyu mepesi tu, ya kulowesha nywele bila kujaza ndoo. Sababu yake ni mkondo wa maji baridi upandao kutoka kusini, uitwao mkondo wa Humboldt. Maji hayo huipoza hewa iliyo juu ya bahari, na hewa iliyopoa haiwezi kupanda ikawa mvua. Hubaki chini ikawa ukungu. Hivyo watu wapatao milioni 10 wanaishi mahali ambapo kwa kweli ni jangwa la pwani, wakitegemea mto Rímac na mito mingine midogo ishukayo kutoka milima ya Andes.

Tulifika huko mwezi wa Oktoba, watu watano wa familia moja: mama yetu mzazi, mke wangu, binti yetu mdogo, mpwa wangu mwenye umri wa miaka 14, na mimi. Dada yetu mkubwa ni mtawa mmisionari katika nchi ya Peru, na mwaka ule alikuwa akiadhimisha miaka 25 ya nadhiri zake. Ukoo mzima ulichanga nauli kwa muda mrefu ili Mama amwone tena binti yake kabla macho hayajafifia. Baada ya Misa ya shukrani zikabaki siku kadhaa, naye Sista akaomba ruhusa ya kututembeza mjini.

Ndugu vijana wa parokia, siwaandikii ili niwahesabie majengo na bei za vyakula. Wengi wenu hamtafika Lima, nami sidhani kwamba mmepungukiwa na kitu kwa sababu hiyo. Ninawaandikia kwa ajili ya jambo moja ambalo mji ule ulitufundisha polepole, siku baada ya siku: kwamba mji waweza kupewa jina la wafalme, na moyo wake ukatoka kwa watu ambao hawakuhesabiwa kuwa kitu.

Sista alitupeleka kwanza baharini, katika mtaa wa Miraflores. Pale mji unaishia ghafla juu ya magenge marefu ya udongo na changarawe, na chini yake ndiyo Bahari ya Pasifiki. Juu ya magenge kuna bustani, na watu hutembea jioni wakisukuma watoto wachanga katika vigari. Pwani yenyewe haina mchanga bali mawe ya mviringo. Kila wimbi linaporudi nyuma huyavuta mawe hayo, nayo hugongana kwa sauti kama maharage yanayopepetwa katika ungo. Binti yetu hakutaka kuondoka. Mama, ambaye alikuwa hajaona maji makubwa kuliko Ziwa Tanganyika, alisimama kwa muda akitafuta ng'ambo ya pili.

“Huko mbele kuna nini?” akauliza.

“Maji tu, Mama. Maelfu ya kilomita.”

“Basi walioletwa hapa zamani, walijuaje njia ya kurudi?”

Dada yangu akakawia kujibu. “Wale wa kwetu, Mama, hawakurudi.”

Ndipo akatuonyesha upande wa kaskazini, mahali ilipo bandari ya Callao, akatueleza njia waliyopitishwa. Watu waliokamatwa bara walipakiwa merikebuni katika pwani ya Angola na Kongo, wakavushwa Bahari ya Atlantiki hadi Cartagena. Kutoka hapo waliouzwa kwa ajili ya Peru walipelekwa Panama, wakaivuka nchi kavu ile nyembamba, kisha wakapakiwa tena katika merikebu ya pili iliyoshuka pwani ya Pasifiki mpaka Callao. Bahari mbili, basi, na soko zaidi ya moja. Watu wa Lima walipohesabiwa mwaka 1614, mji ulikuwa na wakazi wapatao 25,000, na kati yao kama 10,000 walikuwa weusi. Waliitwa kwa jina la mahali walikotolewa au walikopakiwa: huyu Angola, yule Kongo. Babu zetu sisi wa Kivu si wale. Kongo iliyotajwa ni ule ufalme wa magharibi, karibu na mlango wa mto. Hata hivyo, kusikia jina hilo likitajwa mbele ya bahari ile, kama jina la bidhaa, kulitunyamazisha sote. Utumwa ulifutwa Peru mwaka 1854.

Siku ya pili tuliingia katikati ya mji wa kale. Francisco Pizarro, Mhispania aliyeiteka nchi ya Wainka, aliuanzisha mji huo tarehe 18 Januari 1535 na kuuita Mji wa Wafalme, kwa heshima ya wale Mamajusi watatu ambao Kanisa huwakumbuka katika sikukuu ya Epifania. Kiwanja kikuu ni kipana na kizuri. Upande mmoja pana ikulu ya rais, upande mwingine pana kanisa kuu lenye minara miwili, na nyumba ya askofu mkuu iliyo na roshani kubwa za mbao zilizochongwa kwa ustadi. Mtu akisimama pale anaona kwa mara moja jinsi watawala walivyotaka kukumbukwa.

Ndani ya kanisa kuu kuna kikanisa cha pembeni kilichopambwa kwa vipande vidogo vya mawe ya rangi, na humo ndimo lilimo kaburi la Pizarro. Aliuawa tarehe 26 Juni 1541 nyumbani mwake mwenyewe, kwa panga za Wahispania wenzake. Yaliyofuata ni ya kustaajabisha. Kwa miaka mingi wageni walionyeshwa maiti iliyokaushwa, wakaambiwa kwamba ndiye yeye. Mwaka 1977 mafundi waliokuwa wakitengeneza kanisa waligundua sanduku la risasi lenye fuvu na maandishi yaliyomtaja Pizarro. Ikathibitika kwamba watu walikuwa wakimtazama mtu mwingine siku zote zile. Tulikaa pale kama robo saa. Watu waliingia, wakapiga picha, wakatoka. Sikumwona hata mmoja aliyepiga magoti.

Tukavuka barabara chache mpaka kanisa la Santo Domingo, la watawa Wadominiko, na huko mambo yalikuwa mengine. Kanisa lilikuwa na watu wengi siku ya kazi. Mwanamke aliyefunga aproni ya sokoni alikuwa amepiga magoti, kikapu chake kando. Mzee mmoja alikuwa ameweka kiganja juu ya kioo, midomo ikitembea bila sauti. Katika altare ya pembeni yamehifadhiwa masalia ya watakatifu watatu walioishi katika mji huo mmoja na kwa wakati uliokaribiana: Rosa wa Lima, aliyefariki mwaka 1617 na kuwa mtakatifu wa kwanza wa bara lote la Amerika kutangazwa, mwaka 1671, Yohane Macías, bruda mbawabu, na katikati ya mapendo ya watu wote, Martin de Porres.

Picha ya Martin inajulikana katika parokia zetu nyingi: mtu mweusi mwenye kanzu nyeupe na joho jeusi, ufagio mkononi, na miguuni pake mbwa, paka na panya wakila sahani moja. Kwa sababu ya wanyama hao watoto humpenda, na kwa sababu ya watoto sisi wakubwa twaweza kumdharau kidogo, kana kwamba ni mtakatifu wa hadithi. Lakini ufagio ule ulikuwa ufagio wa kweli. Mama yake, Ana Velázquez, alikuwa mwanamke mweusi aliyeachwa huru. Baba yake alikuwa Mhispania mwenye cheo. Kwa desturi za wakati ule, mtu wa asili yake hakuweza kupokelewa shirikani sawa na wengine. Alipoingia konventi akiwa na miaka kama 15, aliingia kama mtumishi aliyejitoa, wa chini kuliko mabruda, afanyaye kazi ambazo hakuna aliyezigombania. Alikuwa amejifunza ukinyozi, na katika siku zile kinyozi alikuwa pia mtu wa kufunga vidonda na kutoa damu. Hivyo akawekwa katika chumba cha wagonjwa. Huko aliuguza mapadri na watumwa kwa mikono ileile. Mapokeo yasema kwamba konventi ilipozongwa na madeni, alijitolea auzwe yeye ili deni lilipwe. Mnamo mwaka 1603 alipokea nadhiri kama bruda. Aliomba sadaka kwa matajiri, akasaidia kuanzisha nyumba ya kulea mayatima na watoto waliotupwa. Alipofariki, tarehe 3 Novemba 1639, mji mzima ulikuja kumwaga, wakubwa na wadogo. Kanisa lilichukua muda mrefu zaidi: Papa Yohane XXIII alimtangaza mtakatifu tarehe 6 Mei 1962.

Kutoka hapo Sista alitaka tuone mahali ambapo wageni wengi hawafiki, kanisa la San Sebastián. Ni kanisa dogo ukililinganisha na yale tuliyoyaona. Humo ndimo alimobatizwa Martin, na baadaye Rosa. Sista akatuambia yaliyoandikwa katika kitabu cha ubatizo tarehe 9 Desemba 1579: kwamba padri alimbatiza Martin, mwana wa baba asiyejulikana, na wa Ana Velázquez, mwanamke huru.

Hapa yanipasa kusema habari za mpwa wangu. Yeye mwenyewe ameniruhusu, ila jina lake nimeliacha. Mama yake, aliyekuwa dada yetu mdogo, alimzaa katika miaka ya vita, kwa namna ambayo wasomaji wa mashariki mwa nchi yetu wanaielewa bila kuelezwa. Dada huyo alifariki mtoto akiwa na miaka mitatu, naye akakulia kwetu. Ni kijana mpole, mwimbaji, mtumishi wa altare. Lakini mwaka ule alikuwa ameacha kwenda mafundisho ya Kipaimara. Katika karatasi ya kujiandikisha kulikuwa na mstari wa jina la baba. Yeye aliuacha mtupu, wenzake wawili wakauona, na tangu siku ile wakampa jina ambalo sitaliandika hapa. Tulijaribu kuzungumza naye, mke wangu na mimi. Alitusikiliza kwa adabu, kisha akabaki nyumbani Jumamosi baada ya Jumamosi.

Aliposikia maneno ya kitabu kile, alisimama karibu na kisima cha ubatizo, mikono mfukoni.

“Mama Mkubwa,” akamwuliza Sista, “waliandika hivyo kabisa? Hajulikani?”

“Waliandika hivyo. Baadaye baba yake alimtambua. Lakini kitabu hakikubadilika.”

“Na padri alimbatiza tu?”

“Alimbatiza.”

Kijana akanyamaza kitambo. Halafu akasema, si kwetu hasa, “Lakini jina la mama yake lipo.”

“Lipo,” akajibu Sista. “Nalo la mama yako lipo katika kitabu chetu. Mimi nilikuwapo likiandikwa.”

Mama yetu, ambaye hakuelewa yote kwa sababu ya sikio lake zito, alimwona tu mjukuu wake akijipangusa uso kwa mkono wa koti. Akamshika bega, wakatoka nje pamoja. Hakuna aliyeongeza neno, na nadhani ilikuwa vema. Lakini usiku ule nililala nikiwaza juu ya mwinjili Matayo, anayeanza Habari Njema kwa orodha ndefu ya akina baba, mmoja akimzaa mwingine, na anapofika kwa Yusufu orodha hiyo inabadilika. Yusufu hamzai, anampokea, na kumpa jina. Mwana wa Mungu mwenyewe aliingia katika ukoo wa Daudi kwa mkono wa mtu aliyekubali kuwa baba wa mtoto asiye wake. Sisi tunaolea watoto wa ndugu zetu, na katika Kivu tu wengi, tuna msimamizi mkubwa kuliko tunavyodhani.

Siku iliyofuata tulipanda vilimani, mahali Sista anapofanya kazi. Watalii hawaendi huko, ingawa kutoka katikati ya mji unaviona vilima hivyo vizuri: vikavu, bila jani, vimefunikwa nyumba mpaka juu. Ni makao ya watu waliohama kutoka milimani wakitafuta kazi, au wakikimbia mapigano yaliyoitesa nchi ile katika miaka ya 1980 na 1990. Nyumba za juu kabisa ni za mbao na mabati, na maji hufika kwa malori, yakamiminwa katika mapipa yaliyopangwa kando ya njia. Anayekaa juu zaidi hununua maji kwa shida zaidi. Nilipoyaona mapipa yale nilikumbuka madumu ya manjano ya mitaa yetu, na foleni za alfajiri.

Akina mama wa kilima kile hupika pamoja katika sufuria kubwa, kwa zamu, ili kila nyumba ipate chakula cha mchana kwa fedha kidogo. Tulipofika walikuwa wakimenya viazi. Mama hakungoja kukaribishwa. Aliomba kisu kwa kuonyesha kwa mkono, akaketi kati yao, akamenya. Hawakuwa na neno hata moja la lugha ya pamoja, nao walicheka saa nzima. Sista alimweleza kwamba viazi vile, ambavyo sisi huviita vya kizungu na ambavyo Mama amelima maisha yake yote, asili yake ni milima ya Andes, na kwamba mababu za wanawake hawa ndio waliovikuza tangu kale. Mama akaitazama viazi iliyokuwa mkononi mwake. “Basi mimi nimekula kwao miaka yote hii,” akasema, “na sijawahi kuwashukuru.” Akaendelea kumenya.

Kando ya sufuria, juu ya kamba, yalianikwa majoho ya rangi ya zambarau yenye kamba nyeupe. Niliuliza ni ya nini. Yalikuwa ya kesho yake, tarehe 18 Oktoba, siku ya maandamano ya Bwana wa Miujiza.

Sasa nimefika kwenye ukuta. Karibu mwaka 1651, katika kitongoji cha Pachacamilla, nje kidogo ya mji wa wakati ule, waliishi watumwa na watu huru walioitwa Waangola. Walikuwa na chama chao cha udugu, cha kusali pamoja na kuzika wafu wao, na kibanda cha kukutania. Mmoja wao alichora Kristu msulubiwa juu ya ukuta wa kibanda hicho, ukuta wa matofali mabichi ya udongo. Mapokeo yanampa jina hili au lile, lakini hakuna lililo la hakika. Hubaki kuitwa Mwangola. Tarehe 13 Novemba 1655 tetemeko kubwa liliuangusha mji. Nyumba nyingi na makanisa yalibomoka. Ukuta ule wa udongo ukabaki umesimama, na picha juu yake.

Kwa muda picha ilisahauliwa. Baadaye mtu mmoja wa mtaa ule akaanza kuitunza, naye akapona ugonjwa, na watu weusi wakawa wanakusanyika pale usiku kusali na kuimba. Wakubwa hawakupendezwa. Mwaka 1671 iliamriwa picha ifutwe. Mapokeo yasema kwamba waliotumwa kuifuta walishikwa na tetemeko la mwili, mmoja baada ya mwingine, wakashindwa kuinua mkono. Amri ikatanguliwa, na mwezi wa Septemba mwaka uleule ikaadhimishwa Misa mbele ya ukuta. Tetemeko la tarehe 20 Oktoba 1687 lilipouvunja mji tena, nakala ya picha iliyochorwa kwa rangi za mafuta ilibebwa njiani, na watu wakaifuata wakilia. Tangu hapo ndiyo asili ya maandamano ya Oktoba. Ukuta wenyewe upo hadi leo, nyuma ya altare kuu ya kanisa la Las Nazarenas; ulivumilia pia tetemeko la mwaka 1746, lililofuatwa na mawimbi yaliyoifuta bandari ya Callao. Mbele ya ukuta huo Papa Fransisko alisali mwezi wa Januari 2018, miaka mitano kabla ya kuja kwetu Kinshasa na kuwasikiliza watu walioumizwa na vita vya mashariki.

Sisi wa Bukavu tunalijua tetemeko. Walio wakubwa kati yenu wanaikumbuka Jumapili ile ya Februari 2008. Kwa hiyo sikuhitaji kuelezwa kwa nini mji unaotikisika ungeushika mkono ukuta usioanguka.

Tarehe 18 tulisimama barabarani tangu asubuhi. Kwanza walikuja wanawake wenye vetezo, wamejifunga utaji mweupe, wakitembea kinyumenyume ili wasiipe picha mgongo, na moshi wa ubani ukapanda mpaka kwenye roshani. Nyuma yao waimbaji. Kisha, juu ya mabega ya wanaume wenye majoho ya zambarau, ikaja picha katika fremu ya fedha yenye maua, ikiyumba polepole kama mtumbwi. Ni mzigo mzito. Wachukuzi hupokezana kwa vikosi, na kengele ikilia huinua wote pamoja. Nilimwona mmoja aliyekuwa na mikono ya fundi wa matofali, na kando yake mwingine mwenye miwani na ngozi laini ya mtu wa ofisi. Chini ya mti ule wa kubebea mabega yao yalilingana. Mbele yetu alipita rafiki wa Mama, yule wa sufuria, akiwa na joho lililoanikwa jana. Akamwona, akamshika mkono, akampeleka katikati ya umati. Mama aliimba nyimbo asizozijua. Watu walijaa barabara mpaka mwisho wa macho, na mbele yao wote alikwenda Kristu ambaye Mwangola asiye na jina alimchora juu ya udongo.

Nilifikiri juu ya kile kikanisa cha mawe ya rangi na sanduku la risasi. Mji ule haukumsahau mwanzilishi wake. Unamtunza na kumwonyesha. Lakini haumfuati.

Ndugu vijana, natoa neno hili bila kulipamba. Si kwamba mateso ni mema. Utumwa ulikuwa dhambi, na hakuna picha iwezayo kuufanya uwe haki. Martin alistahili kupokelewa kama mwana tangu siku ya kwanza, wala haikupasa wamngojee mpaka awe mtakatifu. Ninalosema ni kwamba Mungu hangoji ruhusa ya wenye vitabu na vyeo ili kuweka kazi yake katika mikono ya mtu. Nasi tuna mashahidi wa kwetu. Isidore Bakanja alikuwa kibarua tu katika shamba la mzungu. Alipigwa kwa ajili ya skapulari aliyoivaa, akafariki mwaka 1909. Anuarite alikuwa sista kijana aliyejua kupika na kufundisha watoto. Floribert Bwana Chui alikuwa mtumishi wa ofisi ya serikali ya ukaguzi wa bidhaa mjini Goma, aliyekataa rushwa ili chakula kilichooza kisiwafikie watu, akauawa mwaka 2007. Hakuna hata mmoja wao aliyekuwa na kikanisa cha mawe ya rangi.

Kwa hiyo angalieni tena miji yenu wenyewe, mkitembea Bukavu, Uvira, Goma au Lubumbashi, kwa macho ya mgeni aliyetoka mbali. Msiangalie tu majumba ya ghorofa na sanamu za wakubwa. Ulizeni nani anafagia kanisa kabla ya Misa ya kwanza, na nani anawaosha wagonjwa wasio na ndugu hospitalini. Ulizeni pia ni kijana gani aliyeacha kuja mafundisho, na nani alimpa jina lililomfukuza.

Mpwa wangu alirudi mafundisho mwezi wa Novemba. Hatukumwambia arudi. Katika ule mstari wa baba ameandika, kwa shauri la katekista wetu, jina la mtu anayemlea. Na katika mstari wa mama ameandika jina la dada yetu, kwa herufi kubwa. Msimamizi wa Kipaimara alijichagulia mwenyewe: Mtakatifu Martin.

Kwa mkutano wenu wa kikundi nawaachieni maswali matatu. Katika parokia yetu, ni kazi ipi inayoonekana kuwa ya aibu, na nani anaifanya kwa niaba yetu? Katika kundi letu, nani ameitwa kwa jina lisilo lake, na tutaliondoaje jina hilo kinywani mwetu? Na kama tetemeko lingepita leo juu ya yote tuliyoyajenga pamoja, ni ukuta upi ungebaki umesimama?